Sentensi Moja ya Sixte

Mpanda ya miaka ile ya tisini, ukitaka kuona filamu ya nje, ulikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha: banda la video la Kashinje, kule Nsemulwa. Spès alikuwa amekwisha kuzunguka kwingine kote. Parokiani kulikuwa na televisheni, lakini deki hakuna. Bwana mmoja wa mjini alikuwa na deki sebuleni, na mkewe akajibu kwamba nyumba yake si kambi ya wakimbizi. Wazazi wa Spès walikimbia kutoka Burundi, lakini yeye alizaliwa hapa hapa, ameolewa hapa, na bado neno hilo lilimfuata kama nzi. Basi akaenda kwa Kashinje, huku akijua kwamba atakutana na Lyamba.

Lyamba alikuwa mtafsiri wa banda. Alikaa kwenye stuli kando ya televisheni, fimbo mkononi, na picha ikiwa ya Kihindi, ya Kichina au ya Kizungu, aliieleza kwa Kiswahili tangu mwanzo mpaka mwisho, akilivuta neno la mwisho la kila sentensi kama mtu anayeita ng'ombe. Kihindi hakujua, Kichina hakujua, Kifaransa ndiyo kabisa. Jambazi alimpa jina la mtu wa mtaani, tajiri jina la mtu wa sokoni, na watu walicheka mpaka mabenchi yakahama. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: bila Lyamba banda lile lingelala njaa. Lakini Spès hakumsamehe, maana kila filamu yenye mwizi wa kuku, mwizi alikuwa Mrundi.

Kaseti aliyokuja nayo Spès ilivuka ziwa kutoka Zaire, ikaingia bandari ya Karema ndani ya mzigo wa mfanyabiashara wa vitenge. Ndani yake alikuwamo kaka yake, Sixte, aliyeondoka kijijini kwao Litapunga miaka mingi nyuma. Wazungu walipiga filamu huko, wakamchukua acheze mlinzi wa geti. Alipewa sentensi moja tu, ya Kifaransa. Mfanyabiashara alipowakabidhi kaseti aliwaambia pia kwamba mtaa aliokuwa akiishi Sixte umechomwa moto, na tangu hapo hakuna aliyemwona. Mama yao, Candide, hakulia. Alisema uso wa mwanawe bado anao, ila sauti imeanza kumtoka, na anataka kuisikia.

Jumamosi Spès akamfuata Lyamba bandani.

"Kaka Lyamba, nakuomba kitu kimoja. Akitokea mlinzi wa geti, nyamaza. Ni sentensi moja."

Lyamba hakuinua hata macho. "Mimi nikinyamaza, watu wanatoka. Nyie mkitaka kusikiliza vya kwenu, si mrudi mkasikilizie kwenu?"

Spès alitamani kumpiga kofi. Kashinje, aliyeuza ng'ombe wa urithi ili anunue deki ile, akaingilia kati. Alisema yasiwe maneno, waje kesho baada ya misa, na Lyamba atanyamaza kidogo. Lyamba akatema mate mlangoni, wala hakusema ndiyo.

Kesho yake Candide akaletwa kwa baiskeli, amevaa kitenge chake cha harusi za watu. Wakamkalisha benchi la mbele. Banda lilijaa, jenereta likanguruma nyuma ya ukuta, na Lyamba akaanza. Mzungu mwenye gari jeupe akawa bwana ushuru wa sokoni. Watu wakafa kwa kicheko. Candide hakucheka, hakukasirika, alitazama tu.

Kisha likaja geti, na Sixte amesimama hapo, amekonda, kofia imemshukia usoni. Candide akaushika mkono wa Spès. Sixte akafungua mdomo.

"Na huyu ni mkimbizi," Lyamba akapaza sauti kuliko siku zote, "anaomba sigaraaa!"

Banda likalipuka kwa kicheko. Kilipotulia, geti lilikwisha kufungwa na gari limepita.

Spès akasimama, akamwambia Kashinje arudishe mkanda nyuma. Watu wakamzomea, wakamwambia akae chini. Kashinje, kwa aibu, akabonyeza. Deki ikakoroma, ikasimama, picha ikapotea. Alipoifungua, mkanda ukatoka umesokotana kama utumbo wa kuku, na alipouvuta ukakatika mikononi mwake.

Spès akamgeukia Lyamba, akamwambia mbele ya watu wote kwamba ana roho ya fisi. Lyamba akakaza fimbo. Ndipo Candide alipoinuka, akapita katikati yao, akasimama mbele ya stuli.

"Mwanangu," alimwambia Lyamba kwa upole, "wewe ulikaa karibu naye. Alisema nini?"

Zomeazomea ikafa. Lyamba alimtazama mwanamke yule, akautazama mkanda mkononi mwa Kashinje, kisha akamtazama Spès.

"Alisema, geti liko wazi, mama. Karibu ndani upumzikeee."

Candide akamwomba arudie. Akarudia. Mama yule akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru.

Spès alijua ni uongo. Lyamba hakusikia kitu, na hata angesikia asingeelewa. Alifungua mdomo aseme hivyo, akauona uso wa mama yake, akaufumba. Alimchukia Lyamba wakati ule kuliko asubuhi, maana asubuhi hakuwa amelazimika kunyamaza kwa ajili yake.

Wakashika njia ya Litapunga. Spès alisukuma baiskeli, na Candide, amekaa nyuma, aliirudia sentensi ile njia nzima, polepole, mpaka akaikariri vizuri.

"Geti liko wazi, mama. Karibu ndani upumzikeee."

Alilivuta neno la mwisho kama mtu anayeita ng'ombe. Sixte hakuwahi kusema hivyo maishani mwake. Spès akainamisha kichwa, akaendelea kusukuma.