Zamu ya Kukanyaga Klachi

Jumamosi saa nne asubuhi Theodory alikuwa amelala chali chini ya dashibodi ya pikapu yake, miguu nje ya mlango, akichomoa pini ya pedeli. Masta silinda, pampu ndogo ya mafuta ya klachi, ilikuwa imevuja wiki nzima mpaka kwenye soksi zake. Mafundi wa Kiboriloni, kule mjini, walimwambia alete gari gereji. Theodory aliishia darasa la tano, lakini alijua kwamba gari lisilo na klachi haliendi gereji. Alinunua masta mpya akapanda nayo daladala kurudi nyumbani Masama, ameipakata.

Gari lilihitajika. Mfereji uliopita nyuma ya jiko ulikuwa mkavu tangu shamba la mwekezaji kule juu lilipoweka geti la chuma kwenye banio, pale maji yanapoingilia mferejini, na kulipiga kufuli. Mkewe, Mektrida, alikuwa na miche mia tatu ya kahawa kitaluni, na majani yalishaanza kujikunja. Bila pikapu ya kubeba madumu kutoka bondeni, miche isingefika Jumatano.

Alifunga masta mpya, akaunganisha paipu, akajaza mafuta ya breki. Ikabaki kutoa upepo kwenye paipu, kazi ya watu wawili. Mektrida akavua kandambili, akakaa kwenye usukani. Theodory akaingia chini ya gari na spana.

"Kanyaga mara tatu. Ya tatu ushikilie."

Mektrida akakanyaga. Ya tatu akashikilia, akachungulia dirishani.

"Baba Doris, maji yamekuja mferejini."

"Umeshikilia?"

"Nimeshikilia. Nikiachia yanakatika."

"Usiachie. Nifunge kwanza nipo ya kutolea upepo."

Akafunga, akapangusa spana, ndipo akaenda kutazama. Maji yalikuwa ya mlimani, ya baridi. Kila pedeli iliposhuka yalikuja kama debe moja. Ilipopanda yakasimama. Theodory akarudi, akabonyeza pedeli kwa mkono.

"Imekaza," alisema. "Hiyo ndiyo klachi."

Mektrida akaendelea kukanyaga, na hadi saa nane miche yote ilikuwa imelowa. Saa tisa akaja Melkior, mwenyekiti wa mfereji, na daftari lake la zamu kwapani.

"Shikamoo, meku," Theodory alimwamkia mzee huyo.

"Marahaba. Nani kakufungia hiyo klachi?"

"Nani mwingine? Mimi."

"Na mafundi wa Kiboriloni?"

"Wako Kiboriloni."

Melkior akapanda, akakanyaga mara mbili, akageuza shingo kuangalia mfereji. Kisha akafungua ukurasa mpya. Kila nyumba ilipewa nusu saa ya kukanyaga. Asiyetokea angetozwa debe la mbege, pombe ya ndizi, kama siku ya kuzibua mfereji. Wa kwanza kutozwa alikuwa Eliakim, aliyesema ana msiba Mwika. Mwika hakukuwa na msiba.

Theodory aliweka masharti mawili: miguu ioshwe, na gia isiguswe.

Wiki ya tatu akaja msimamizi wa shamba la mwekezaji. Alisema maji yale yana kibali, na kibali kina jina la shamba. Melkior akasema mfereji ulichimbwa na babu wa babu yake. Msimamizi akaomba karatasi. Karatasi haikuwepo. Akaingia kwenye pikapu, akakanyaga, akaona maji yakija, akashuka akaandika kwamba gari hilo linatumia maji bila kibali. Alipomaliza kuandika akarudisha kalamu mfukoni.

"Klachi laini hii. Nani amefunga?"

"Mimi," alisema Theodory.

"Ya kwangu ngumu sana. Nikuletee Jumamosi?"

"Fungua geti kwanza."

"Geti si langu, mzee."

"Basi na klachi yako si yangu."

Watu waliokuwa wakisubiri zamu walicheka mpaka aliyekuwa kwenye usukani akaachia pedeli, na maji yakakatika kwa jirani, Mama Ezra, aliyekuwa akimwagilia, akatukana kutoka migombani.

Kufuli bado liko. Miche ya Mektrida ilipandwa shambani mwezi wa nne, na iliyokufa ni miwili. Pikapu haijatoka kando ya jiko tangu siku ile, kwa sababu zamu zimejaa. Matairi yamelala, na kuku wanatagia chini yake. Mgeni akimuuliza Theodory gari lina shida gani, yeye hufungua mlango, humwambia ainame, apitishe kidole chini ya masta, kisha akitazame.

Kidole hutoka kikavu.