Besi Iliyolegezwa

Makame alijua kabla hata hajalitoa sanduku lote nje ya kontena. Alibonyeza vibanio viwili, akainua kifuniko, akaweka jicho kwenye kichwa cha gita la besi kama seremala anayepima ubao, akaona shingo imebinuka kwa nyuma. Akafumba jicho, akafumbua, akaangalia tena. Imebinuka.

Wiki tatu na nusu besi ile ilikaa ndani ya kontena la vipuri nyuma ya gereji ya mabasi alikokuwa dereva, Industrial Area ya Doha, mwezi wa Julai, na kontena lenyewe halina hata feni. Chumbani wanalala sita, na mkaguzi wa kambi ya wafanyakazi akikuta kitu kikubwa juu ya kitanda hukitoa nje juani bila kuuliza cha nani. Ndiyo maana Makame aliipeleka kontenani, akaifunika mablanketi mawili, na kwa huruma zake akalegeza nyuzi zote nne mpaka zikalala kama kamba za viatu.

Huruma hiyo aliirithi. Mjomba wake, huko Unguja, alikuwa mpiga udi wa taarabu, na shughuli ikiisha hakuondoka kabla ya kulegeza nyuzi. Chombo nacho kina mgongo, alikuwa akisema, kikilala kipumzishwe. Lakini udi hauna chuma ndani. Besi ya umeme ina fimbo ya chuma katikati ya shingo, imekazwa ili ishindane na nyuzi: nyuzi zinavuta mbele, chuma kinavuta nyuma, na shingo hunyooka kwa sababu ya ugomvi huo. Ukilegeza nyuzi ukaacha chuma kimekazwa, tena kwenye joto la kuivisha yai, chuma kinavuta peke yake usiku na mchana, hakuna wa kukizuia. Makame aliyajua yote haya. Alifundishwa na mwenye besi mwenyewe. Siku ile mkono wake ulimkumbuka mjomba, ukamsahau Joram.

Na Joram alikuwa anaondoka kesho yake alfajiri.

Joram alikuwa mtu wa Kitale, miaka hamsini na tisa, fundi wa viyoyozi. Miaka kumi na tisa alipanda mapaa ya Doha kufungua mashine ambazo ukizigusa zinakubabua vidole. Mwezi wa sita alianguka juu ya paa moja kule The Pearl, mtaa wa matajiri, akapelekwa hospitali, wakamwambia figo zimechoka, moja imelala kabisa na ya pili inasinzia. Mandubu wa kampuni, yule anayeshughulikia karatasi, alikuja wodini na tabasamu. "Mabruk, hongera Joram, sasa unastaafu." Yaani ndivyo walivyoliita jambo lile.

Alipokuwa kitandani pale Joram hakuomba makubwa. Alimwambia Makame, "Nataka nipige besi yangu mara moja tu, hapo kwa room, kabla ya ndege. Hata dakika tano." Kwa sababu kila Ijumaa, kwa miaka tisa, Makame akitoka msikitini na Joram akitoka kanisani, maana Doha hata kanisa husali Ijumaa, walikuwa wanakutana chumba namba kumi na nne, wanachomeka kispika kidogo, wanapokezana chombo kimoja, wanabishana mpaka wenzao wanawafukuza.

Na leo ni Ijumaa.

Joram alifika saa tisa alasiri, ameshuka kwenye gari la kampuni taratibu kama mtu anayeshusha mayai. Shati lilimpwaya. Miguu ilikuwa imevimba, amevaa kandambili. Wenzao wa chumbani walimpa mkono mmoja mmoja, wakatoka kwa heshima wawaachie nafasi.

"Umekonda wewe kama ndio ulilazwa," Joram alimwambia.

"Na wewe Mzee umebaki shati."

"Shati ni ya kampuni, wataichukua pia." Akacheka, akakohoa, akakaa kwenye kitanda cha chini. Akasikiliza kiyoyozi cha dirishani, kile kikuukuu alichokitengeneza mwenyewe mara sijui ngapi. "Bado iko kwa G."

"Bado. Imepanda kidogo."

"Imepanda kidogo, ndio." Lilikuwa neno lao. Mngurumo wa kile kiyoyozi ulikuwa noti ya G iliyopanda unywele mmoja, na miaka yote walikuwa wanaitumia kukazia nyuzi, kiasi kwamba muziki wa chumba kile wote ulikuwa juu kidogo kuliko muziki wa dunia.

"Nikutilie chai?"

"Chai wamenipimia. Kikombe kimoja kwa siku, na nimeshakunywa." Joram akatoa simu. "Owen ameniandikia. Cheki."

Owen alikuwa Mwaustralia, mhandisi, aliyekuwa akiishi kule The Pearl. Joram alikwenda kumtengenezea kiyoyozi, akaona besi ukutani, akasahau kilichompeleka. Owen alipostaafu alimwachia besi ile, pamoja na flashi yenye nyimbo mia mbili za rock ya kwao. Pichani alikuwa amesimama bustanini, pensi fupi, tumbo mbele, kuku sita miguuni.

"Anafuga kuku," Joram alisema. "Kanizidi miaka miwili. Ati anauliza na mimi nitafuga nini."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia sindano."

Makame akacheka kwa lazima. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda kile kile alichokalia Joram.

"Lakini ile rock yao, Mzee, mie mpaka leo sijaielewa," akasema haraka, apate pa kupitia. "Mpiga besi wao kaajiriwa kusimama. Noti moja, du-du-du-du, tangu wimbo unaanza mpaka watu wanatafuta viatu."

"Haya, umeanza."

"Si kweli? Kwetu besi inatembea, inapinda kona, inasalimia watu. Yule wao kama mlinzi wa benki."

"Wee Makame, simama wewe dakika nne kwa noti moja tuone. Utaanza kuitia hina na viungo kabla ya kibwagizo. Gita linakimbia, ngoma inakimbia, yule wa kuimba anapiga makelele kama ameumwa na nge, na wewe mmoja unatakiwa usitoke. Ukitoka, nyumba yote imeanguka. Hiyo si uvivu, bwana. Hiyo ni kazi." Macho yake yalikuwa yamepata uhai. Akasugua vidole. "Leta sasa."

"Nimeshaifunga vizuri kwa safari, Mzee. Nimetia na magazeti. Tukifungua tena..."

"Tutafunga tena."

"Na hili joto, na unyevu wa juzi, si unajua hali ya hewa ya..."

"Makame." Joram alisema polepole. "Mimi ni fundi wa AC. Mtu akianza kuniambia hali ya hewa kabla sijafungua mashine, huyo ameshaigusa."

Kiyoyozi kikanguruma. Makame alitazama zile kandambili na ile miguu iliyojaa maji. Angeweza kung'ang'ania lisifunguliwe, baadaye aseme ni wapakuaji wa ndege, na Joram angelifungua sanduku Kitale, akawalaani watu asiowajua. Uongo ulikuwa tayari, umenyooka kuliko ile shingo. Akapiga magoti, akalivuta sanduku.

"Nilizilegeza," akasema. "Niliiweka kontenani, nikaona joto litazikata nyuzi, nikazilegeza."

"Zote?"

"Zote nne."

"Na chuma?"

Makame akabonyeza vibanio, akainua kifuniko.

Joram aliichukua besi, akaiwekea jicho. Jicho moja alilifumba, kama mtu anayelenga. Kisha akailaza mapajani.

"Kitu nilikufundisha na hii mikono."

"Nisamehe, Mzee."

"Ulikuwa unajua."

"Nilijua, wallahi. Sijui ilikuwaje."

Joram akageukia dirisha. Alipozungumza tena hakuwa akizungumza na Makame hasa. "Daktari pia aliniuliza hivyo. Ulikuwa hujui unatakiwa kunywa maji? Nikamwambia najua. Mimi ndiye nilikuwa nafundisha vijana wapya, kila dakika ishirini shuka, kunywa. Halafu mimi mwenyewe niko juu ya paa saa saba, nasema nimalize hii moja." Akapapasa kichwa cha besi. "Nimalize hii moja. Miaka kumi na tisa."

Makame akalia. Hakutoa sauti, alifuta uso kwa mkono wa kanzu na kuendelea kupiga magoti.

"Amka, wewe si mjane. Lete spana ya L."

Walifanya kazi pamoja, kichwa kwa kichwa. Joram alilegeza chuma robo mzunguko tu, maana ukikikurupusha kinapasua mti. Makame akakaza nyuzi, akisikiliza kiyoyozi. Halafu Joram akatoa mfukoni kadi yake ya hospitali, kipande cha karatasi ngumu chenye tarehe za kusafishwa damu. Akabana uzi mnene huku na huku, akajaribu kupitisha kadi chini yake, katikati ya shingo. Haikupita. Uzi ulikuwa umelalia vijivyuma vya shingoni.

"Itarudi?" Makame aliuliza.

"Mti ukipenda. Robo leo, robo wiki ijayo. Wiki tatu, mwezi. Mti hauambiwi haraka." Akatabasamu bila furaha. "Mimi ndio nina ndege saa kumi ya alfajiri."

Akachomeka kispika. Kila alipogusa karibu na kichwa, besi ilikoroma na kukwama, kelele ya bati. Alipanda juu taratibu, kijivyuma kwa kijivyuma, akitafuta. Mwisho, mbali kule, kwenye uzi wa pili kutoka juu, noti moja ikatoka safi. Ilikuwa G.

Joram akabaki hapo. Du-du-du-du, hapandi, hashuki, macho amefumba, na kiyoyozi kikimwitikia. Makame akakamata ubavu wa kitanda cha chuma, akaanza kugonga. Dakika nne hivi. Jasho lilimtoka Joram kwenye midomo, lakini hakutoka kwenye ile noti. Alipoacha alikuwa anahema.

"Hata hina hujatia," Makame akasema.

"Nimekuambia ni kazi."

Besi haikusafiri. Joram aliamua mwenyewe: ikienda sasa na baridi ya ndege itakufa. "Ukija likizo Desemba, uje nayo. Ukikuta umechelewa... Uje nayo tu. Umpe Carolyne." Carolyne alikuwa binti yake, aliyemzalia mjukuu ambaye hajawahi kumwona. Akaiacha na ile kadi ya hospitali ndani ya sanduku. "Tarehe zao sizihitaji tena. Pimia shingo."

Kila Ijumaa baada ya sala Makame alilegeza chuma robo, akakaza nyuzi, akapitisha kadi. Sasa besi ililala naye kitandani, na mkaguzi alipokuja aliambiwa kwa adabu kwamba wakiitoa nje watamtoa na dereva wa basi. Habari za Kitale zilikuja kwa vipande: Mzee anasafishwa mara mbili kwa wiki, safari ya Eldoret inamchosha, hali chakula, amemshika mtoto kidogo, analala sana. Desemba ilikuwa mbali kuliko kalenda ilivyosema.

Ijumaa ya tano kadi iliingia. Ilipita chini ya uzi ikagusagusa tu, kama inavyotakiwa. Makame akapiga simu. Akapokea Carolyne.

"Baba amelala, Mjomba. Leo hajaamka vizuri."

"Usimwamshe, mwanangu. Muwekee simu sikioni tu."

Akasikia mashuka, akasikia mtoto akilia mbali, kisha pumzi nzito. Makame akachomeka kispika. Vidole vilitaka kutembea, vipinde kona, visalimie watu. Akavizuia. Akasimama kwenye G, karibu kabisa na kichwa, pale palipokuwa pamekufa, akapiga ile moja, na ile moja, na ile moja, mpaka kidole cha kulia kikaota moto.

Alipoacha alisikia pumzi tu. Akataka kukata.

"Makame." Sauti ilikuwa nyembamba, kama inatoka kwenye kisima.

"Naam, Mzee."

"Imepanda kidogo."