Mwito wa Chelel

Ukaidi wa Kipyegon ulijulikana toka Silibwet hadi Sigor, lakini kwa ng'ombe huyu alizidi. Chelel, mweupe pe, aliteleza mtaroni kando ya majani chai akavunjika mguu wa mbele. Sasa alilala ubavu chini ya turubai, akihema.

"Mzee, mfupa imetoka nje," alisema Molly, daktari wa mifugo aliyehamia majuzi kutoka upande wa ziwa. "Hii haiwezi shika. Niruhusu nimdunge sindano, alale bila uchungu."

"Mpatie tu dawa, daktari. Atasimama."

Molly akampa Chelel dawa ya maumivu, kisha akaenda kuketi barazani. Mgeni angejuaje? Chelel alilelewa kwa chupa na Chepngetich, marehemu mkewe Kipyegon. Katika vilima vya Kipyegon kila mkamuaji ana mwito wa ng'ombe wake, na Chelel hakuwahi kushusha maziwa vizuri ila kwa ule wa Chepngetich. Mzee aliuiga tangu mazishi, ng'ombe akamtazama tu kama mtu aliyekosea nyumba. Kumpoteza Chelel kulikuwa kumzika mke mara ya pili, na Kipyegon hakuwa na moyo wa kuzika tena.

Alasiri ukungu ukashuka. Ilikuwa Jumapili, hapakuwa na mchumaji hata mmoja. Lakini kutoka katikati ya majani chai mtu akaita.

"Chelel, oo! Chelel!"

Nywele zikamsimama Kipyegon. Sauti ile aliijua kuliko yake mwenyewe.

Chelel akainua kichwa, akajikaza, akasimama juu ya mguu ule ule. Mfupa ukalia. Akaanguka. Mwito ukaja tena, naye akasimama tena, povu likimtoka. Mara ya tatu Kipyegon akamlalia shingoni.

"Chepngetich, mwache!" alipiga kelele. "Huoni anaumia? Mwache!"

Kisha sauti ikaita kwa upole zaidi, na mzee akaona mikono yake mwenyewe ilivyoikaba shingo ya ng'ombe. Hakuna mwingine aliyekuwa amemshika. Aibu ikamchoma.

"Daktari! Kuja na hiyo sindano."

Akang'oa nyasi mbichi, kama wafanyavyo wazee wakiomba amani, akaziweka mdomoni mwa Chelel na kumpakata kichwa. Molly akadunga taratibu. Chelel akatafuna mara moja, akashusha pumzi, basi.

Molly akaenda bombani kunawa mikono. Aliporudi, alikuwa akigeuka geuka kutazama nyuma.

"Mzee, huyo mama alikuwa anaita hapo chini ni nani? Amepita na ng'ombe yake. Nimemsalimia, hajaitika."

Kipyegon hakuinua macho kutoka kwa kile kichwa mapajani mwake.

"Ng'ombe rangi gani?"

"Nyeupe, kama huyu."

Akalipangusa povu mdomoni mwa Chelel.

"Ilikuwa inachechemea?"

"Hapana, mzee. Ilikuwa inatembea tu vizuri."