Milio ya Juu

…na hicho hapo tena, kiwiko, kimeinuka kidogo kwenye kioo cha mlango, Bethwel akafinya, mlio wenyewe hakuusikia hata chembe lakini kiwiko cha Kepher hakidanganyi, kila kikiinuka basi ametuma mwingine, na Kepher mwenyewe, kijana wa kupima masikio aliyeletwa na kampuni ya chai, hajui kwamba kioo kinamchongea, amemfungia humu ndani ya kijisanduku kisichoingiza kelele, akamvisha vidude vya masikioni, akamwambia, "Mzee, ukisikia kamlio, hata kama ni kadogo aje, finya hii batani," kazi rahisi, na Bethwel anaifanya vizuri, atapita, lazima apite, kwa sababu asiyesikia hapewi mashine ya kuchuma chai, ile ya kubebwa na watu wawili, mwenzake Mageto upande ule akipiga kelele simama nawe huku usisimame, visu havichagui kidole, na anayetolewa kwenye mashine hurudishwa kung'oa magugu na vibarua, mtu mzima na ndevu zake… kiwiko, finya… milio ya chini aliisikia, haki ya Mungu, ile mizito ya mwanzo, buuu, kama king'ora cha kiwanda, hiyo hakuhitaji kioo, hii ya juu ndiyo… Celine angesema frikwensi, binti yake wa kidato cha tatu, majuzi alifunga kamba ya ng'ombe kwenye mlango wa jikoni akaitikisa polepole, mawimbi mapana yakaenda, akaitikisa mbiombio, yakawa madogo yamebanana, "Ona Baba, hii ya pole ni besi yako, hii ya haraka ni soprano," na kamba yenyewe haiendi popote, kinachoenda ni mtikisiko tu, hewa nayo vivyo hivyo, haitoki mdomoni mwa mtu ikasafiri hadi sikioni mwa mwingine, inasukumana palepale ilipo, Bethwel alikubali shingo upande, na yote hayo yalianza kwa sababu ya Velma, Velma wa soprano, kwaya inashindana Jumamosi kule Chepseon na yeye ndiye mwalimu wa kwaya, anasimama mbele yao akimwona Velma anapanua mdomo hadi magego na hakuna kitu kinatoka, sauti imemwishia yule mama, Jumamosi atabaki nyumbani, alikwisha kuamua, kilichobaki ni kumwambia leo jioni mazoezini, si kazi tamu… kiwiko, finya… akamweleza Celine vizuri kwamba sauti nyembamba huchoka njiani, nene hufika kwa sababu zina nguvu, besi ya Mageto, huyo huyo wa mashine, inafika, ya Velma inafia kwenye viti, akadhani binti atamsifu, kumbe, Celine akacheka mpaka akaachia kamba, "Zii, Baba, hewani zote zinaenda spidi moja, hakuna yenye inaachwa nyuma, kama ya Mageto imefika na ya Velma imefika," labda kuwe na kilima katikati, hapo nene huzunguka kilima na nyembamba ikakwama, ndiyo maana king'ora huwafikia hata ng'ambo ya mlima na filimbi ya nyapara haifiki, lakini kanisani kuna kilima gani, Bethwel akakasirika, akamtuma akalete kuni… kiwiko… hakufinya… ilifika, basi, kama ilifika… kidole kiko juu ya batani na kiwiko kimekwisha kushuka, mlio umepigwa, umo humu humu masikioni mwake umebanwa na vidude, hapa hakuna kilima, hakuna viti wala mlango, na hakuna kitu, kimya, kimya kilekile cha Velma, Mungu wangu, yule mama anaimba, ameimba siku zote hizi, na wenzake wamekaa kwa adabu wakimtazama mwalimu wao akimkunjia uso mtu anayeimba vizuri, na ndege je, wale wa asubuhi kwenye majani chai, alimwambia mkewe Rodah kwamba wamehama kwa sababu ya dawa ya kunyunyizia, Rodah akamtazama tu asijibu, au alijibu, pengine alijibu, uchungu ukamjia Bethwel, si wa mashine, mashine ishikwe na mwingine mwenye masikio, Mageto ana watoto na anahitaji vidole vyake, uchungu wa kwamba vitu vilikuwa vikimfikia kila siku, vyote, kwa spidi ileile, na mwenye nyumba hakuwepo kuvipokea, na leo jioni alikuwa anaenda kumnyang'anya Velma wimbo… "Mzee, bado uko? Naona umewacha kufinya," sauti ya Kepher, nene, imeingia bila shida, na Bethwel akasema niko, endelea tu, Velma atasimama safu ya mbele, na fimbo ya kuongozea kwaya aishike mtu mwingine, akageuka kutoka kwenye kioo, akatazama ukuta mtupu, akasikiliza, akasikiliza, na hakufinya.