Pleti ya Kumi na Moja

Kila asubuhi, saa mbili kasoro dakika tano, msanifu wa springi alitundika mkoba wake kwenye msumari nyuma ya mlango, akapangusa vumbi mezani kwa kiganja, kisha akachonga penseli mbili hata kama hapakuwa na cha kuchora. Michoro yenyewe ilifanywa kwa kompyuta, lakini hesabu za springi za malori mazito alizianza kwa mkono kwenye daftari la mistari, kwa sababu, alisema, kompyuta haioni aibu ikikosea. Ofisini walimwita Bi Springi. Jina hilo alilipokea kama alivyokipokea kiti chake kibovu, bila kulalamika wala kushukuru.

Springi aliyohangaika nayo mwaka huo ilikuwa ya ekseli za nyuma za lori la tani thelathini. Ilikuwa vipande bapa vya chuma vilivyopindwa kama nyusi, kirefu juu na vifupi chini yake, vyote vimebanwa katikati kwa bolti moja. Kila kipande huitwa pleti. Yeye aliweka pleti kumi na moja, na kule chini, kwenye chumba cha majaribio, mashine iliikandamiza springi hiyo mara elfu tisini na tatu ndipo ikakatika. Kanuni ilitaka elfu themanini tu. Kisha meneja akapanda ngazi na kikombe cha chai mkononi, akasema pleti moja iondolewe.

"Gari likipungua uzito linaongeza mzigo," alisema. "Wateja wanataka mzigo."

"Ikiwa na kumi itakatika kwenye elfu hamsini na nane."

"Ikikatika tutairudisha hiyo moja. Mimi sibishani na wewe, jaribio ndilo litakalosema."

Bi Springi akaridhika. Aliiamini hesabu yake kuliko alivyowaamini watu wengi, na alijua kwamba chuma hakina upendeleo. Jumatatu springi ya pleti kumi ikafungwa kwenye mashine, na mashine ikaanza kuipiga, mara moja kila sekunde, tangu asubuhi hadi saa ya kufunga kazi. Kwa mwendo huo ingekatika Jumatano mapema, kabla ya chai.

Jumatano saa nne fundi wa mashine alimpigia simu. Alikuwa mtu wa makamo, ameiendesha mashine hiyo miaka ishirini na sita, na hata muda wa kwenda msalani aliupima kwa mikandamizo.

"Iko elfu sitini na nne," alisema. "Na mgeni wako bado yupo."

"Mgeni gani?"

"Mzee wako. Alikuja juzi, nilidhani unajua."

Bi Springi aliteremka ngazi. Chumba cha majaribio kilinuka mafuta ya haidroliki na sakafu yake ilitetemeka kama kawaida. Chini ya springi, amechuchumaa juu ya kigoda alichopewa na fundi, alikuwa baba yake, aliyefariki miaka kumi na saba iliyopita. Alivaa shati la kahawia alilovaa siku ile, lenye kola iliyogeuzwa na kushonwa upya. Viganja vyake viwili vilikuwa chini ya pleti ya mwisho, palepale kwenye bolti ya katikati, na kila mashine iliposhuka magoti yake yalikunjika, kisha akainuka nayo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa kidogo. Vizuri."

"Alikuja ilipofika elfu kumi na mbili," fundi alieleza. "Mwanzoni aliweka vidole pabaya, nikamwonyesha pa kushika."

Baba huyo alikuwa dereva wa lori. Kwenye mteremko mrefu, pleti kuu ya springi ya nyuma ilimkatikia, ekseli ikaenda upande, na lori lililojaa saruji likaiacha barabara pamoja naye. Ripoti ya wenye gari iliandika uzembe wa dereva, mistari miwili na muhuri. Binti alikuwa anamaliza sekondari. Hakulia sana msibani, aliuliza tu springi ile ilikuwa na pleti ngapi, na kwa kuwa hakuna mtu aliyeweza kumjibu, akaenda kusomea kazi hiyo.

"Baba, iachie," alisema sasa. "Hii inatakiwa ikatike."

"Hakuna springi inayotakiwa ikatike."

"Hii inatakiwa. Ikikatika hapa watarudisha pleti moja, na huko barabarani haitakatika. Hapa hakuna mtu juu yake."

Mzee alimtazama kwa upole, kama alivyokuwa akimtazama zamani alipomwambia kwamba dunia inazunguka. "Mimi niliisikia ikikatika," alisema. "Unasikia kitu kama mlango umebamizwa. Halafu usukani unakuwa mwepesi. Siachii."

Alikuwa na kichwa kigumu tangu akiwa hai, na kifo hakikumlainisha. Bi Springi alijaribu kumvuta mkono, akakuta ni baridi na mzito kuliko chuma chenyewe. Akasimama pale mikandamizo mia sita, kwa hesabu ya fundi, kisha akapanda juu kumwita meneja.

Meneja alikuja, akampa marehemu pole kwa yaliyomkuta, akazunguka mashine mara moja, akaomba kitabu cha kanuni. Akakisoma akiwa amesimama, ukurasa hadi ukurasa.

"Inakatazwa kupaka pleti grisi wakati wa jaribio," alisema hatimaye. "Inakatazwa kupoza springi kwa maji. Kuhusu marehemu kitabu hakisemi kitu."

"Si springi inayobeba, ni yeye."

"Basi andika kwenye sehemu ya maoni."

Akaandika, kwa mwandiko wake mzuri: *Kuanzia mkandamizo wa 12,000 springi ilishikiliwa na marehemu baba wa msanifu.* Siku hiyohiyo, kabla ya saa ya kufunga, hesabu ilivuka elfu themanini, meneja akatia saini, na karatasi ikaingia kwenye faili pamoja na maoni yake. Kitu kimoja tu Bi Springi alikubaliwa, nacho kilikuwa haki ya kila msanifu: kurudia jaribio kwa springi nyingine.

Mama yake, aliyeishi naye, alikuwa anakunja nguo aliposimuliwa.

"Kwa hiyo kazini kwako amepajua," alisema. "Hapa kwake hapajui."

"Anashughulika, Mama."

"Alishughulika miaka yote aliyokuwa hai." Akakunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. "Amekonda?"

"Yuko vilevile."

"Mimi nimezeeka."

Jumatano iliyofuata mama alijipaka mafuta, akavaa gauni lake la kutokea, akaenda na bintiye kiwandani. Mlinzi wa getini alimwandika kwenye daftari la wageni, na sehemu ya anayemtembelea akaandika "mume". Springi ya pili ilikuwa elfu hamsini na tisa, na mzee alikuwa chini yake.

Wale wazee wawili walisalimiana kwa utulivu. Mama aliulizia afya yake, kisha akagundua swali lenyewe halikai sawa. Fundi akajitia hamnazo, akafuta bomba ambalo halikuwa chafu.

"Viatu vyako nilivigawa," mama alisema.

"Ulifanya vizuri. Vilikuwa vinabana."

"Nimekuja kukuambia uachie hiyo springi. Mtoto anakuomba. Na mimi nakuomba."

"Nikiachia mwanetu atafeli."

"Anataka ifeli."

"Hakuna mtoto anayetaka kufeli," mzee alisema. "Anasema hivyo kwa sababu anaona nachoka. Mimi sichoki siku hizi."

Bi Springi alikuwa amejikaza siku zote hizo, lakini hapo akalia, wazi, mbele ya fundi. Alilia kwa sababu baba yake alikuwa amerudi, na kwa sababu kurudi kwake kungeua watu, na hakujua amlilie yupi kwanza. Mama yake naye hakumbembeleza. Alimsogelea mumewe, akamnyooshea mkono. Mzee akatazama ule mkono, akatoa kiganja chake kimoja chini ya springi, akaushika.

Walikaa hivyo hadi mchana, mkono kwa mkono, yeye akiinuka na kushuka, mama akiinuliwa na kushushwa bega. Springi ilishikiliwa kwa kiganja kimoja na haikukatika. Wakati wa chakula mama alisema magoti yanamuuma, akaagana naye, akaenda kituoni peke yake. Alasiri hiyo springi ya pili nayo ikapita.

Malori mia mbili na kumi yalitoka kiwandani kabla ya mvua, yote na pleti kumi. Siku ya kutoka Bi Springi alisimama dirishani akayahesabu, kisha akateremka kwa baba yake. Wakati ule mashine ilikuwa imezimwa, lakini mzee hakutoa mikono.

"Za barabarani nani atazishika?" alimuuliza.

Kilikuwa kitu ambacho hakikuwa kimempitia mzee akilini, na alipokielewa uso wake ukaanguka, akawa mzee kuliko alivyokuwa alipofariki.

"Mimi nina mikono miwili tu," alisema.

Bi Springi aliandika barua kwa meneja, akaandika na nyingine kwa mkubwa wa meneja. Alijibiwa zote, kwa heshima, kwamba springi imepita majaribio mawili mfululizo, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa springi yoyote ya kiwanda hicho, na kwamba anastahili pongezi. Walimbadilishia kiti. Alifikiria kuacha kazi, akachukua hata mkoba kwenye msumari, lakini aliwaza baba yake akibaki kule chini bila mtu wa kumwamkia asubuhi, akautundika tena.

Dereva wa kwanza alifika mwezi wa tatu wa mvua. Aliingia kwa miguu kupitia mlango wa kupakulia, amevaa kizibao cha njano chenye mistari ya kung'aa, hati ya kukabidhi mzigo bado mkononi, haijasainiwa. Alimwamkia fundi, akauliza ashike wapi. Fundi akamwonyesha. Mzee akasogeza kiganja, na yule dereva akaweka chake pembeni.

Juma lililofuata walikuja wawili, kisha wawili wengine, kisha gazeti likaandika juu ya ajali ya darajani na siku hiyohiyo wakaingia watatu pamoja, dereva, utingo wake, na mwenye duka aliyekuwa ameomba lifti. Mwenye duka hakujua lolote kuhusu springi lakini alijifunza haraka. Ripoti ziliandika uzembe wa dereva. Hapakuwa na nafasi tena ya vigoda, hivyo fundi akaunganisha mbao mbili na kuwatengenezea benchi, nao wakakaa kwa zamu.

Hawakumlaumu mtu. Bi Springi aliposhuka walimsalimu, "Habari za kazi, dada," wakiwa wameshika. Kati yao walimtaja kama binti wa mzee, na mzee alifurahi. Yule wa kwanza tu, wa kizibao cha njano, siku moja alimuuliza jambo.

"Dada, nasikia zilikuwa ziwe kumi na moja."

"Ndiyo."

"Zingekuwa kumi na moja, ningefika?"

Angeweza kumdanganya. Hakuna ambaye angejua. Lakini mtu huyo alikuwa amekufa, na alimwona kuwa anastahili angalau jibu.

"Ungefika," alisema.

"Aa," dereva alisema. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia ya mkato baada ya kuzunguka, akarudisha macho kwenye springi.

Kiangazi kilipoanza walikuwa tisa, pamoja na mzee. Springi zozote zilizofungwa kwenye mashine hiyo, za mabasi, za matrela, hata iliyokuwa na ufa uliochorwa kwa chaki ili kumfundishia mwanafunzi, hazikukatika tena. Fundi alisema anaona kazi yake imekuwa ya kufungua na kufunga tu. Nyumbani mama aliacha kuuliza. Kila Jumatano alimpa bintiye salamu za kupeleka, na Bi Springi alizipeleka, na alirudi na nyingine.

Ndipo meneja akashuka, bila kikombe safari hii, amekunja mchoro kwapani. Aliutandaza juu ya meza ya vyombo, akauwekea spana pembeni usijikunje. Ulikuwa mchoro wa lori lilelile la tani thelathini. Pleti zilikuwa tisa.

Bi Springi hakuhitaji daftari. Aliijua hesabu yake kichwani: elfu thelathini na nne.

Meneja aliangalia mashine inavyoshuka na kupanda. Aliangalia benchi, akahesabu kwa midomo, mikono kumi na minane.

"Unaonaje?" aliuliza. "Itapita?"

Wale waliokaa hawakuinua macho. Baba yake alikuwa wa kwanza kutoka kushoto, kola yake imelowa jasho ambalo hakuwa nalo alipokuja. Bi Springi alitafuta neno lingine, akalitafuta kwa dhati, lakini aliyeulizwa ni msanifu na swali lilikuwa juu ya jaribio.

"Itapita," alisema.

Meneja akatia saini palepale, akashukuru, akapanda ngazi. Baba yake alisikiliza nyayo zake hadi juu. Kisha akawaambia wenzake wasogee, wabanane kidogo, kwa kuwa benchi ni fupi na wengine watataka kukaa.