Sikio la Kasuku

Darasani waliniita Bubu. Wakome! Nyumbani mama hunifukuza jikoni kwa sababu ya domo langu. Ni Kiingereza tu kinachonifunga kinywa. Kichwani sentensi husimama wima, ikifika ulimini inaporomoka, na kule nyuma mtu anacheka.

Ndiyo maana nilimtegemea Kasuku, jirani yangu wa dawati. Mhadhiri akiuliza, mimi humnong'oneza jibu, yeye ananyoosha mkono na kulimwaga kwa Kiingereza cha kutiririka. Mwaka mzima mpishi nilikuwa mimi, mlaji yeye: alama za kuchangia mjadala zote zilimwendea.

Kisha mhadhiri akatangaza kwamba asiyezungumza kipindi cha mwisho atarudia somo. Kila mmoja aeleze kwa nini soko jipya la manispaa halina wateja. Nikaenda mwenyewe, nikasimama langoni juani mpaka nikaona: wachuuzi wamejipanga nje, mtu anamaliza mahitaji yake yote kabla hajaingia.

"Jibu hili ni langu," nilimwambia Kasuku.

"Haki yako, dada. Siligusi."

Siku yenyewe ikafika. Zamu yetu ilipokaribia, nikamwinamia. "Hebu nisikilize kidogo, kama nimelipanga vizuri." Nikaanza kunong'ona.

Mazoea yana taabu. Sijamaliza, mkono wake ukawa juu, naye akalimwaga lote, lango na wachuuzi wake. Darasa likapiga makofi. Alipoketi ndipo akashtuka, akajishika kinywa.

"Na wewe?" mhadhiri akanigeukia.

Nilisimama. Nikasema kwa Kiingereza changu cha kuchechemea, neno moja moja, jasho likinitoka, lakini nilifika mwisho. Hakucheka mtu. Kwa mara ya kwanza niliisikia sauti yangu katika chumba kile, na nikaipenda.

"Hayo mwenzako ameshayasema," alisema mhadhiri, kalamu mkononi. "Mimi nataka ya kwako."

Nilikuwa na ya kumjibu, tena mengi, na kwa Kiswahili ningemmaliza. Ila Kiswahili mle hakiruhusiwi. Nikamgeukia Kasuku. Aseme yeye, mara hii tu, aseme jibu ni la nani.

Naye, maskini, kwa moyo safi kabisa, alikuwa ameshaniinamishia sikio, akingoja nimnong'oneze la kusema.