Kibanio cha Kidoti

Walimu wenzake walimwita Bi Semina, maana hakuna semina aliyowahi kutoka mikono mitupu. Safari hii alirudi na vibanio vya nguo. Kila mtoto wa darasa la pili alipewa chake, na ukutani zikafungwa kamba mbili: moja chini ya picha ya uso unaocheka, nyingine chini ya uso unaolia. Asubuhi mtoto anabana pale moyo wake ulipo. Akibana kwenye kilio, mwalimu anakaa naye pembeni na kumsikiliza. Ofisini walimcheka, lakini mambo yakaitika. Hata mtukutu wa dawati la nyuma alianza kusema kinachomkera badala ya kurusha ngumi.

Sifa zikafika mbali, na mwalimu mkuu akatangaza kwamba wakaguzi wanakuja kuliona darasa la mfano. Siku hiyo Bi Semina alifika shuleni hata mlinzi hajafungua geti.

Watoto wakaingia, wakabana. Vibanio vyote vilikuwa kwenye kicheko isipokuwa kimoja. Kidoti, binti mpole mwenye alama nyeusi shavuni, alibana chake kwenye kilio, kisha akakaa akimtazama mwalimu, anangoja. Viatu vya wageni vilishasikika varandani. Bi Semina akanyoosha mkono, akakihamishia kibanio kwenye kicheko, akamkonyeza mtoto kana kwamba wana siri moja. Kidoti akainamisha uso.

Wakaguzi walimsifu mpaka akavimba kichwa.

Mchana mama mdogo wa Kidoti alikuja kumchukua, macho mekundu. Alieleza kuwa bibi anayemlea mtoto amelazwa tangu jana, hali yake mbaya, na mtoto hajala wala hajalia.

"Nilitaka abaki nyumbani, akakataa katakata," alisema. "Aliniambia, mwalimu akiona kibanio changu ataniuliza. Ahsante sana kwa kumsikiliza, mwalimu."

Hapo ndipo pa kusema kweli, na Bi Semina hakuisema. Alijibu, "Usijali, dada." Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akajifanya anafuta ubao uliokuwa safi.

Kesho yake alimngoja mtoto mlangoni. Kidoti aliingia macho yamevimba, akaenda moja kwa moja ukutani, akakibana kibanio kwenye kicheko. Bi Semina akapiga magoti mbele yake.

"Mwanangu, jana nilikukosea sana. Kibane unapotaka wewe, halafu tukae, uniambie habari za bibi."

Kidoti alichungulia nje kwanza.

"Wale wageni wameondoka?"

"Wameondoka."

Mtoto akafikiri kidogo.

"Basi kikae tu hapo," akasema, "wasije wakarudi."

Akaenda kwenye dawati lake, akatoa daftari.